Nimeshindwa kushika sheria nilizojiwekea: nitadumuje katika imani?

SWALI: Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana wa Uyole, hapa Mbeya. Nafanya biashara ya viazi: nanunua kwa wakulima wa Umalila na kupakia kwenye fuso kwenda Dar es Salaam. Niliokoka kwenye mkutano wa injili miaka minne iliyopita. Tangu hapo nina kaunta buku nililoandika sheria zangu kumi na moja: kuamka saa tisa usiku kuomba, kufunga Jumatano na Ijumaa, kusoma sura tatu za Biblia kila siku, kutokanyaga kilabuni, kutosikiliza Bongo Fleva, na nyingine. Kila usiku naweka vema au mkasi. Nikijitahidi sana nafikisha mwezi, halafu naanguka, hasa kwenye pombe. Nikianguka naacha kila kitu, hata kanisani siendi mpaka nimalize mfungo wa toba. Safari hii nimechoka, sijaingia kanisani tangu Pasaka. Rafiki yangu ananiambia tunaishi kwa neema, niachane na sheria. Naogopa nikiziacha nitapotea kabisa. Nifanye nini nidumu? Na je, naweza kushiriki Chakula cha Bwana kabla sijajitakasa?

JIBU: Amina, mwanangu. Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, lakini ndilo nitakaloanza nalo: ukianguka, unakaa nje mpaka mfungo uishe. Kwangu mimi shida yako iko hapo kuliko kwenye pombe yenyewe. Umeugeuza mfungo kuwa malipo. Ukishalipa siku tatu za njaa, unaona sasa una haki ya kusimama tena mbele za Mungu. Hujasema hivyo kwa mdomo, ila ndivyo unavyoishi, na mtu anayeishi hivyo amemwambia Kristo kwamba msalaba ulifaa kwa siku ile ya mkutano wa injili tu. Mengine yote atajilipia mwenyewe.

Waraka kwa Waebrania unasema: "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji." Nakuuliza, wakati wako wa mahitaji ni upi? Ni siku ya thelathini, daftari limejaa vema? Au ni asubuhi ile unayoamka kichwa kinagonga, mdomo mchungu, na aibu imekukaba? Mwandishi hakusema tukikaribie baada ya mahitaji kupita. Wewe unakwenda ukishapata nafuu, na siku ambayo kiti kile kimewekwa hasa kwa ajili yako ndiyo siku unayojificha.

Soma tena Luka 18. Farisayo anamwambia Mungu, "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote." Hadanganyi, alifunga kweli, alitoa kweli. Mtoza ushuru hana cha kuorodhesha, anapiga kifua tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Bwana anasema huyu wa pili ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Hakupewa kwanza mfungo wa kumalizia. Alirudi nyumbani siku ileile.

Unaniuliza utadumuje. Mtazame Petro. Kabla hajamkana, Bwana alimwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Ombi lilitangulia anguko. Petro aliapa kwamba hatakana hata ikibidi kufa, na kiapo chake hakikumfikisha hata alfajiri. Kilichomshika ni ombi la mwingine. Alilia kwa uchungu, ndiyo, lakini siku ya kwanza ya juma, habari za kaburi tupu zilipoletwa, alikuwa angali pamoja na wenzake. Hakwenda kukaa mahali mpaka ajisikie safi. Yuda naye alijuta, akarudisha fedha, ila majuto yake aliyabeba peke yake. Mwanangu, usifanye toba yako mbali na watu wa Mungu. Toba ya peke yako gizani inaua, nimeona watu wazuri wakipotea kwa njia hiyo, wengi kuliko waliopotea kwa ulevi wenyewe.

Sasa hizo sheria kumi na moja. Wakristo wa Galatia walianza vizuri kama wewe, halafu wakaja walimu waliowaambia imani haitoshi, waongeze tohara na siku na miezi. Paulo akawaandikia kwa ukali: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Na kwa Wakolosai anazitaja amri za namna ya "msishike, msionje, msiguse," kisha anakiri kwamba zinaonekana kuwa na hekima, zinatesa mwili, lakini hazifai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyekuwa Farisayo, aliyejua sheria tangu utoto. Sheria inaweza kukuonyesha kwamba umelewa. Haiwezi kukuondolea kiu. Miaka minne ya mikasi katika daftari lako ni ushahidi wa kutosha.

Kuna historia ambayo sisi wa nyanda hizi tunapaswa kuijua. John Wesley, mchungaji wa Uingereza, alipokuwa Oxford yeye na wenzake walijiwekea utaratibu mkali: kufunga Jumatano na Ijumaa (siku zako hizohizo), kutembelea wafungwa, kuandika katika shajara jinsi kila saa ilivyotumika. Mwaka 1735 alipanda meli kwenda Georgia, Marekani, awe mmisionari. Januari 1736 dhoruba kali ikawakuta baharini, tanga kuu likapasuka, maji yakafunika meli. Waingereza wakapiga mayowe. Ndani ya meli ile walikuwamo Wamoravian kutoka Ujerumani, wako katikati ya ibada. Wakaendelea kuimba zaburi kwa utulivu. Wesley baadaye akamuuliza mmoja wao kama hakuogopa. Akajibu, namshukuru Mungu, hapana. Na wanawake na watoto wenu? Wala wao hawaogopi kufa. Wesley, pamoja na mifungo yake yote, alijua yeye aliogopa.

Aliporudi London, Mmoravian mwingine, Peter Böhler, alizungumza naye mara nyingi juu ya imani. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, mtu mmoja alikuwa anasoma utangulizi wa Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, kwa Waraka kwa Warumi. Wesley aliandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu, akaona kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu. Baada ya jioni ile hakulegea. Alizunguka akihubiri, mara nyingi viwanjani, kwa zaidi ya miaka hamsini. Wamoravian haohao ndio waliokuja Rungwe mwaka 1891 na kuanzisha kazi ambayo leo imejaza makanisa kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini. Mwaka huohuo Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa kwa upande wao. Wazee wetu waliletewa injili ya neema. Inanisikitisha kwamba katika sharika nyingi za leo kijana akiokoka, kabla hajaifahamu vizuri injili hiyo, anapewa orodha ya makatazo.

Je, basi uache kuomba na kufunga? La hasha. Umewahi kuona miche ya parachichi ikibebeshwa kule Rungwe au Njombe. Fundi anachukua kikonyo cha aina ya Hass, anakipachika kwenye shina la parachichi la kienyeji, halafu anafunga kwa utepe wa nailoni. Utepe haulishi kikonyo hata tone. Maji na chakula vinatoka kwenye shina. Lakini ukiufungua mapema, kikonyo kinateleza na kukauka. Maombi, Neno, ibada, ushirika na wapendwa, mfungo pia, vinafanya kazi ya utepe: vinakushikamanisha na Kristo, naye ndiye anayekulisha. Kosa lako ni kwamba umekuwa ukihesabu mizunguko ya utepe na kuiita uhai. Endelea kuomba. Kama saa tisa usiku ni ngumu kwa mtu aliyeshinda akipakia magunia, omba saa kumi na mbili asubuhi. Mungu haongezi masikio usiku. Ila vema na mikasi viache. Hakuna mahali Bwana ametuagiza kujisahihisha wenyewe kama mwalimu wa hisabati.

Kuhusu rafiki yako: nusu ya neno lake ni kweli, na nusu nyingine inaweza kukuua. Paulo mwenyewe aliuliza, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu, "Hasha! Sisi tulioifia dhambi tutaishije tena katika dhambi?" Na kwa Tito anaandika kwamba neema ya Mungu "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Tupate kuishi kwa kiasi, na haki, na utauwa." Neema ni mwalimu. Anayesema ana neema na hafundishwi chochote nayo, sijui amepokea nini.

Na mwalimu huyu huenda mbali kuliko daftari lako. Nimezipitia sheria ulizoniandikia. Zote zinahusu wewe: usingizi wako, tumbo lako, masikio yako. Hakuna hata moja inayomhusu mkulima wa Umalila. Sijui unanunuaje viazi, kwa hiyo sikushutumu. Lakini wote tunaijua lumbesa: gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa bei ya gunia moja wakati amebebesha karibu moja na nusu, ingawa serikali ilishakataza gunia kuzidi kilo 100. Mtu anaweza kufunga Jumatano na Ijumaa bila kukosa, na Alhamisi akasimama shambani kwa mjane akisindilia kilemba kwa goti. Bwana aliwaambia Mafarisayo kwamba wanalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, na kuacha adili, na rehema, na imani. Orodha zetu huchagua yale yanayohesabika. Rehema haihesabiki, kwa hiyo inasahauliwa.

Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, naye alikuwa mfanyabiashara wa namna yake. Bwana hakumpa sheria yoyote chini ya ule mkuyu. Alimwambia ashuke upesi, kwa kuwa leo atashinda nyumbani mwake. Watu wakanung'unika. Ndipo Zakayo akasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati, katika Walawi 6, ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akaipita mbali, bila kulazimishwa, kwa sababu Bwana alikuwa ameingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti. Huo ndio mpangilio wa neema: yeye kwanza anaingia, kisha mikono inafunguka. Ukijiona umeanza kumfikiria mkulima wako kwa namna mpya, ujue mwalimu yuko kazini.

Pombe usiipiganie peke yako. Tafuta mtu mmoja anayejua yote, mzee wa kanisa au mpendwa mwenye siri, umpigie simu saa ileile kiu inapokuja, kabla ya kilabu na siyo baada yake. Na kama ukiacha siku mbili mikono inatetemeka, unatoka jasho, hulali, hilo ni jambo la mwili pia. Nenda hospitali, hata ile ya rufaa ya kanda pale mjini, ueleze ukweli, maana kuacha ghafla kwa mtu aliyezoea sana kunaweza kuwa hatari. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Mungu hutusaidia kwa mikono ya watu wengi.

Sasa Chakula cha Bwana. Andiko linalokutisha ni 1 Wakorintho 11, juu ya kula isivyostahili. Soma mistari ya juu yake: matajiri wa Korintho walitangulia kula, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, wakawatahayarisha wasio na kitu. Hilo ndilo Paulo alilolikemea. Kisha akasema, "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Kujihoji kunampeleka mtu mezani. Meza ile imeandaliwa kwa ajili ya wenye dhambi wanaotubu, na sioni njia yoyote ambayo ungeweza kujitakasa nje yake ukaja umeshakuwa safi.

Kama kanisa lako limekuweka chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, basi usiruke utaratibu. Mwone mchungaji wako wiki hii hii, ukiri, uombewe. Na kama mchungaji huyo anasoma haya, namsihi akumbuke 2 Wakorintho 2, Paulo anapowaambia wamsamehe na kumfariji yule aliyekosa, asije akamezwa kwa huzuni ipitayo kiasi. Marudi yana mwisho, na mwisho wake ni kumrudisha mtu.

Kama hukutengwa, bali umejitenga mwenyewe, kama ninavyoelewa, basi Jumapili hii nenda. Usianze mfungo Alhamisi ili ufike umestahili. Oga, vaa sweta maana asubuhi za huko ni baridi, fika mapema. Sala ya toba ya kusanyiko itakapofika, itamke pamoja na wengine, na tangazo la ondoleo la dhambi likisomwa, lipokee kama lako. Mzee wa kanisa akikuuliza ulikuwa wapi tangu Pasaka, mwambie ukweli.