Jibu: Kuposti picha na nyaraka za ukoo ili ziwafae wanaotafuta watu wao

Mdau ameuliza afanye nini ili picha za kale anazoposti kwenye magrupu ya nasaba ya Facebook na WhatsApp ziwasaidie wengine, maana hadi sasa anaambulia vidole gumba tu. Tatizo la posti nyingi za ukoo ni kwamba hazitafutiki. Anayetafuta huandika jina au kijiji, na kama maneno hayo yamo ndani ya picha pekee, usitegemee kwamba atafika kwako.

Kwa hiyo andika maelezo chini ya kila picha. Mfano: "Kushoto kwenda kulia: 1. Mwangi, 2. hajulikani, 3. Wanjiru, mke wa Mwangi. Fort Hall, sasa Murang'a. Nyuma pameandikwa 1954 kwa penseli. Majina yametajwa na binti wa Mwangi." Hapo yaliyoandikwa kwenye picha yametengwa na yaliyosimuliwa. Shikilia hilo sana. Mwaka wa kukisia ukiuandika kama hakika, watu watauingiza kwenye miti yao ya ukoo, na baadaye hakuna atakayejua ulitoka wapi.

Majina ya mahali weka yote mawili, la zamani na la sasa: Thomson's Falls na Nyahururu, Broderick Falls na Webuye, Government Road na Moi Avenue. Majina ya watu yana kazi zaidi. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, hivyo mabinamu kadhaa huwa na jina moja. Kwa Waluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku na Odhiambo ni wa jioni. Jina hilo peke yake halikuonyeshi ukoo. Ongeza jina la baba, la mama, kijiji, mlango (tawi la ukoo), na rika la tohara pale desturi hiyo ipo. Taja pia tahajia nyingine unazozijua, kwani makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia.

Kama unataka kusaidia hata watu usiowajua, chukua matangazo ya mirathi kwenye Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali. Matoleo mengi ya zamani yapo Google Books. Tangazo moja huweza kutaja marehemu, alikofia, tarehe ya kifo, na aliyeomba usimamizi wa mali pamoja na uhusiano wao. Kompyuta mara nyingi husoma vibaya chapa hizo zilizofifia, kwa hiyo nakili majina kwa mkono wako, kisha weka tarehe ya toleo, namba ya tangazo na ukurasa. Nyaraka za Kenya National Archives pale Moi Avenue, Nairobi, nazo zitaje kwa namba ya faili, mfano zile zinazoanza na DC/FH za wilaya ya Fort Hall. Uliza kaunta kuhusu ruhusa kabla ya kupiga picha na kuisambaza.

Kupiga picha ya picha: kaa karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba na meza. Piga na upande wa nyuma, kwani muhuri wa studio hutaja mji. Iliyogandia kwenye albamu usiibandue. Ukiwa na skana, tumia dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). WhatsApp hubana picha, na maandishi madogo hayasomeki tena. Itume kama hati.

Walio hai waache nje, au waombe idhini kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, lakini hata bila sheria, namba ya kitambulisho na namba ya shamba hazina kazi kwenye posti. Ziba kabisa. Hati miliki iliyoanikwa huwaamsha matapeli na kesi za urithi zilizolala.

Ukisambaza posti ya mwenzako, weka kiungo cha posti yake, si skrinishoti. Skrinishoti hukata maoni, na mara nyingi marekebisho ya binamu aliyemtambua yule namba 2 yamo humo. Mwenye posti akishapata jibu, ahariri maelezo ya juu na aseme limetoka kwa nani.