Barua ya nia ya kusomea uchambuzi wa tabia: anza na ulichokiona

Unapoomba nafasi ya uzamili wa uchambuzi wa tabia Marekani ukiwa Mombasa, barua ya nia ndiyo inayokusemea kwa watu wasiokujua. Wengi huijaza huruma: napenda watoto, nataka kusaidia jamii. Kila mwombaji anasema hivyo, na hayo hayaonyeshi kama unajua kutazama tabia.

Andika tukio moja, kwa karibu. Mtoto wa miaka minne yuko kwenye foleni ya feri Likoni. Anajitupa chini, anapiga mayowe. Mama anampa simu, mtoto ananyamaza. Wapo watakaosema amedekezwa, wengine watasema ana jini. Wewe eleza kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata: kusubiri, mayowe, simu. Kisha mtazame mama, maana waombaji wengi humsahau. Mayowe yakikatika naye hupata ahueni, kwa hiyo kesho huenda akaitoa simu mapema zaidi. Mtoto na mama wanafundishana. Taja ungehesabu nini, mara ngapi kwa siku na dakika ngapi kila mara, na ukiri kwamba tukio moja linakupa dhana tu. Ukiri huo una uzito kuliko aya nzima ya mapenzi kwa watoto. Jina la mtoto liache.

Kama tayari unaishi ughaibuni, lugha ni sababu nzito ya kuitaja. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anaambiwa kwa Kiingereza aketi, haketi, inaandikwa kwamba hafuati maagizo. Mwambie "keti" uone. Anayeijua tofauti hiyo anahitajika sana katika kazi hii.

Sasa mpango, na hapa ndipo wengi hukwama. Tangu 1 Januari 2023, BACB, bodi ya Marekani inayotoa BCBA, cheti cha mchambuzi wa tabia, haipokei maombi mapya ya wanaoishi Kenya. Kusoma mtandaoni ukiwa Nyali hakutakufikisha kwenye cheti hicho. Njia ya kawaida inataka saa 2,000 za mazoezi chini ya msimamizi, na saa hizo huanza kuhesabiwa baada ya kuanza masomo ya uzamili. Miaka yako ya kufundisha kitengo cha mahitaji maalumu itaipa barua nguvu, lakini kwenye hesabu ya saa haimo.

Piga hesabu: kwa saa 130 kila mwezi, 2,000 ni takriban miezi 16. Ruhusa ya kazi baada ya kuhitimu kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, yaani OPT, kwa kawaida ni miezi 12. Ukingoja uhitimu ndipo uanze, muda utakuishia njiani. Mazoezi yaanze ukiwa masomoni, kwa CPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya mazoezi kabla ya kuhitimu, inayopitia chuo. Lakini CPT ya muda wote ikifika miezi 12, unapoteza OPT ya ngazi hiyo.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwandikie mratibu wa programu: mazoezi huanza muhula wa ngapi, na wanafunzi wa F-1 hupewa CPT? Jibu lake ndilo litakalokuandikia aya ya mwisho ya barua.