Blimpu linapaaje, na lina kazi gani? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu yale maputo makubwa yenye injini yanayozunguka juu ya viwanja vya michezo kule Marekani. Haya twende.

Halina mabawa, sasa linapaaje?
Linabebwa na heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa. Mita moja ya ujazo inanyanyua karibu kilo moja tu, ndo maana mfuko lazima uwe mkubwa haswa. Injini kazi yake kubwa ni kulisukuma mbele, na mapezi ya mkiani ni ya kukatia kona na kupandisha au kushusha pua.

Akitaka kushuka rubani anaachia gesi?
Hapana kaka, heliamu ni ghali, haiachiwi hovyo. Na hapa ndo pana utamu wenyewe, ndani ya ule mfuko mkubwa mna vifuko vya hewa ya kawaida, mara nyingi kimoja mbele kingine nyuma, sasa likipanda heliamu inatanuka kwaiyo rubani anatoa hewa kwenye vifuko ili ipate nafasi, likishuka heliamu inasinyaa anavijaza tena, maana blimpu halina fremu, umbo lote linashikiliwa na presha, ikipungua tu mfuko unalegea. Tena akijaza zaidi kile cha mbele pua inakuwa nzito inainama. Mimi hii akili naikubali sana.

Risasi moja si linapasuka?
Halipasuki. Presha ya ndani inaizidi ya nje kidogo mno, tundu dogo litavujisha polepole na rubani anawahi kurudi. Heliamu pia haishiki moto. Mnaonitajia Hindenburg, chombo cha angani cha Wajerumani, ile ilijazwa haidrojeni, gesi inayoshika moto, ikawaka ikitua Lakehurst, New Jersey tarehe 6 Mei 1937 wakafa watu 36, inauma sana, ila haikuwa blimpu, ilikuwa na fremu ngumu ndani.

Kazi yake nini zaidi ya matangazo?
Kamera za mechi, kwa sababu linatulia juu muda mrefu. Vita ya pili ya dunia jeshi la majini la Marekani liliyatumia kusindikiza misafara ya meli na kusaka nyambizi, linakaa angani zaidi ya siku nzima, na ule mwendo wa taratibu ndo uliofaa kuchungulia baharini.

Eti moja lilitumwa Tanganyika?
Kweli dada, ila lilikuwa zeppelini, yaani puto la injini la Wajerumani lenye fremu, jina lake L59. Novemba 1917 liliondoka Jamboli, Bulgaria na tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwenye vita ya kwanza ya dunia. Halikupangiwa kurudi, huku hakukuwa na haidrojeni ya kulijazia, kwaiyo hata kitambaa chake kingeshonwa mahema. Lilipofika juu ya Sudan likaitwa kwa redio lirudi, likageuza, likatua Jamboli baada ya saa 95 hivi na kilomita kama 6,800 bila kugusa ardhi.