Mama mdogo, chuo cha serikali Japani si bure

Shikamoo mama mdogo. Ile sauti yako ya dakika nne niliisikiliza nikiwa kwenye basi, nikashindwa kujibu papo hapo. Huku mtu haongei na simu ndani ya basi. Ukithubutu unatazamwa kama umefumaniwa. Ulisema: "Mwanangu, mdogo wako kamaliza chuo cha kilimo SUA, mtafutie na yeye chuo cha serikali huko, si ni bure? Na iwe Tokyo, watu wakiniuliza nijue pa kutaja." Naomba nikujibu hapa mbele ya wote, maana mwaka huu watu sita wameniuliza hilohilo.

Tuanze na hiyo bure. Japani ina vyuo vikuu vya taifa zaidi ya 80, na ada yao ya kawaida ni yeni 535,800 kwa mwaka, awe Mjapani, awe Mnyaturu. Bado kiingilio, yeni 282,000, unachokilipa mara moja ukishakubaliwa. Jumla mwaka wa kwanza ni yeni 817,800. Kwa bei ya yeni ya siku hizi hizo zinapita shilingi milioni kumi na mbili, na mtoto hajala wala hajapata pa kulala. Hiyo Tokyo yako ndiyo kabisa: Chuo Kikuu cha Tokyo kimepandisha ada hadi 642,960 kwa wanaoanza shahada ya kwanza kuanzia 2025. Vyuo vya taifa sasa vinaruhusiwa pia kuwatoza wageni zaidi ya kiwango cha kawaida, kwa hiyo mwambie asitegemee namba zangu, asome tovuti ya chuo chenyewe kwa mwaka anaoombea. Ni nafuu kuliko vyuo vingi vya binafsi, ndiyo. Upo pia msamaha wa ada, nusu au yote, lakini unauomba ukishafika na hakuna anayekuhakikishia. Usiuze ng'ombe kwa kutegemea msamaha.

Mimi sikulipa ada kwa sababu nilikuja kwa ufadhili wa serikali ya Japani, huu ambao watu bado wanauita Monbusho. Unaombwa kupitia ubalozi wao Dar es Salaam: fomu, mtihani wa kuandika, usaili. Kwa uzamili uwe hujafikisha miaka 35. Ukipata, ada wanalipa wao, tiketi wanakata wao, na kila mwezi unapewa bumu la yeni kama 144,000. Zinatosha mtu mmoja asiyejionesha. Kuna mlango wa pili, chuo chenyewe kumpendekeza mwanafunzi kwa wizara yao ya elimu, ila hapo lazima pawe na profesa aliyekwisha kukutaka.

Na hapo ndipo penye neno lenyewe, mama mdogo, sasa naongea na mdogo wangu moja kwa moja. Dogo, huku huchagui chuo, unachagua sensei, yaani profesa atakayekusimamia. Kwa ngazi ya uzamili unaingia maabara ya mtu. Yeye ndiye anakubali au anakataa kukupokea, anakupa mada, na siku ukiugua ni yeye au katibu wake anakupeleka hospitali. Hata ukipita mchujo wa kwanza wa ubalozi, ni wewe mwenyewe unayetafuta barua ya chuo inayosema kuna profesa yuko tayari kukupokea. Watu wamefaulu usaili Dar, halafu wakahangaika kwenye barua hiyo.

Mimi niliandika barua pepe arobaini. Thelathini na tano za kwanza zilikuwa moja, nimebadilisha jina tu, na moja nilisahau hata kulibadilisha. Nilijibiwa na watatu, wawili wakinitakia kila la heri. Nilipochoka nikakaa wiki nzima nasoma makala za watu watano wanaoshughulika na udongo wenye chumvi, nikamwandikia kila mmoja kuhusu kazi yake na kuhusu mashamba ya kwetu Singida yanayotoa magadi juu mvua ikikatika. Mmoja alijibu usiku uleule akaniuliza mtama wetu ni aina gani. Huyo ndiye sensei wangu mpaka leo.

Ukishampata, angalia umri wake. Sikutanii. Katika vyuo vingi vya taifa profesa anastaafu akiwa na miaka 65. Rafiki yangu, mji mwingine huko kaskazini, alianza uzamivu na mzee wa miaka 63. Mwaka wa pili mzee akastaafu na maua yake, yeye akahamishiwa kwa mtu asiyejua hata alichokuwa anapima. Kamaliza kwa kuchelewa mwaka mmoja. Uliza pia kuna wageni wangapi kwenye maabara, na mkutano wa kila wiki unaendeshwa kwa lugha gani. Kozi inaweza kutangazwa kuwa ya Kiingereza, kisha ukakaa saa tatu kila Jumatatu unatikisa kichwa wenzako wakizungumza Kijapani.

Jambo jingine linalowatoa watu machozi ni neno "kenkyusei". Ukipewa barua ya kuwa kenkyusei, nyumbani mnachinja mbuzi. Dogo, hiyo si shahada. Ni kukaribishwa ukae maabara, ujifunze lugha, ujiandae na mtihani wa kuingia uzamili, na mtihani huo unaweza kuuanguka. Kwa anayejilipia ni yeni 29,700 kwa mwezi kwa kiwango cha kawaida, na mwishoni hupati cheti cha kuning'iniza sebuleni. Njia yenyewe si mbaya, nami nilipita humohumo miezi sita. Ubaya ni kuijua ukishafika.

Sasa Tokyo. Mimi niko Tottori, mama mdogo, na najua ukilitaja hilo jina msibani hakuna atakayeshtuka. Ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote Japani. Treni ya kasi, shinkansen, haifiki, na mkahawa wa Starbucks ulifunguliwa 2015, mkoa wa mwisho nchi nzima. Nimekuja kwa sababu Chuo Kikuu cha Tottori kina kituo cha utafiti wa ardhi kame, na wanaojifunza ukame wanakutana hapa kutoka Sudan hadi Mongolia. Kichekesho ni kwamba ukame wenyewe haupo. Yapo matuta ya mchanga kando ya bahari, na miaka mingi watalii wamepanda ngamia hapo, lakini mvua inanyesha mpaka Singida tungeomba ipungue, na Januari theluji inafika magotini. Nyumba yangu naipasha kwa jiko la mafuta ya taa, yale yale ya kibatari cha bibi, na gari la muuzaji linapita mtaani likipiga muziki.

Lakini chumba nalipa yeni 33,000. Wenzangu walioko Tokyo wanalipa karibu mara mbili, kwa chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa jiko. Kuingia nyumba ya kupanga huku kuna amana, kuna kampuni ya kukudhamini, na mara nyingine kuna "reikin", pesa ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kukubali kukupangisha, nayo hairudi. Mwaka wa kwanza ng'ang'ania bweni la chuo hata likiwa bovu.

Kibarua kipo, maana najua hilo ndilo mjomba anasubiri. Mwanafunzi anaomba kibali uhamiaji na anaruhusiwa saa 28 kwa wiki, zikizidi kidogo wakati wa likizo ndefu. Tuseme unalipwa yeni 1,000 kwa saa: ukifanya zote ni 112,000 kwa mwezi. Hizo zinaendesha maisha Tottori, hazilipi ada pamoja na maisha. Anayekwambia analipa vyote kwa kibarua, ama anazidisha saa, na siku ya kuongeza viza atakuja kuulizwa, ama hapati hata usingizi. Mimi napanga bidhaa usiku dukani mara mbili kwa wiki. Sensei anajua, hapendi, hasemi.

Upweke sitauzungushia. Watu ni waungwana, watakutembeza na mwavuli hadi mlangoni kwako, kisha miaka miwili ipite hujui wanakokaa. Bibi alipofariki nilikuwa na sampuli kwenye tanuri. Nimemzika kwa simu, nimesimama korido, mnajua wenyewe mtandao ulivyokatika wakati wa kutupia udongo. Hilo Tokyo lingekuwa vilevile. Siku moja nilipanda basi, mwendo wa saa tatu hadi Osaka, ambako chuo kikuu cha taifa kinafundisha Kiswahili kama fani ya shahada, binti wa Kijapani akanisalimu "habari za tangu asubuhi?" Nilimjibu, kisha nikatafuta choo nikajifungia.

Mama mdogo, kwa hiyo sitamtafutia chuo. Mwambie aniandikie ukurasa mmoja, kwa Kiswahili tu, anataka kuchunguza nini na kwa nini, bila kunakili tasnifu yake ya SUA. Anitumie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo siendi dukani, nitausoma. Tukikubaliana tutatafuta masensei watano pamoja, wawe Tottori, Sapporo au Okinawa. Na yule jirani anayekuja Osaka mwezi ujao, mpe dagaa wakavu, wafunge mara tatu, maana ule mfuko wa mwaka jana ulinuka ndege nzima.