Uliza Tukujibu: Mitokondria imebana, sasa ATP inatokea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko form six PCB. Tunafundishwa mitokondria ina tando mbili, wa nje unapitisha vitu na wa ndani umebana kabisa hata ioni ya haidrojeni haikatizi. Sasa ATP inatengenezwa huko ndani, inatokaje? Na huo utando wa nje kama una matundu unafaida gani? Nilimuuliza ticha akasema hiyo haiji kwenye mtihani. – J., Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Ticha msamehe tu, silabasi ndefu na muda hana. Kwa wasiosoma baiolojia: mitokondria ni kiwanda cha nguvu ndani ya seli, ATP ni kile kinachobeba hiyo nguvu, na ADP ni ATP iliyokwisha kutumika inayorudi kuchajiwa.

Tuanze na wa nje. Yale si matundu ya kutoboa na msumari, ni protini, inaitwa VDAC. Iligunduliwa 1976 kwenye mitokondria ya paramesia, yule wa seli moja mnayemchoraga maabara, ila umbo lake kamili lilikuja kuonekana 2008, yaani miaka 32 watu wanapima umeme unaopita kwenye tundu ambalo hawajaliona sura.

Umeshaona bibi anashona mkeka? Ana ukili, anaushona ukingo kwa ukingo, unaenda unarudi, unaenda unarudi, mpaka upana utoshe. Sasa uchukue huo mkeka uuviringishe, kingo mbili zikutane upate kama pipa lisilo na mfuniko wala kitako, hiyo ndo VDAC. Ina mistari 19, yaani vipande vya protini vilivyolala sambamba kama ukili. Na hapo kwenye 19 pana utamu, maana mapipa ya namna hii kwenye bakteria huwa na mistari shufwa, 16 au 18, kwa hiyo wa kwanza ukipanda wa mwisho unashuka, lakini kwenye 19 wa kwanza unapanda na wa mwisho nao unapanda, kwa hiyo pale kwenye mshono mistari miwili imelala kuelekea upande mmoja. Chora kwenye daftari utaona. Na si timu moja iliyoona hivyo, timu tatu zilifika hapohapo mwaka uleule.

Mdomo wa pipa una upana wa karibu nanomita 3 hivi, ila katikati kuna kipande cha protini hiyohiyo kimejikunja ndani kikapabana. Kuta zake kwa ndani zina chaji chanya nyingi, na ATP, ADP na fosfeti zote ni hasi, kwa hiyo zinavutwa zinapita. Haya, na faida uliyoulizia ni hii: umeme kati ya pande mbili ukizidi kama milivolti 30 hivi, VDAC inajibana. Haifungi kabisa, ioni ndogo bado zinapita, ila ATP inagoma. Kwa hiyo utando wa nje ni geti lenye mlinzi, sema huyu mlinzi muda mwingi ameacha wazi ndo maana vitabu vinamsahau.

Sasa wa ndani. Huu ukiuwekea pipa kama lile umekwisha, maana wenyewe umebeba umeme wa karibu milivolti 180 na ndo unaozungusha mashine ya kutengeneza ATP. Milivolti 180 utasema kidogo, lakini utando wenyewe una unene wa nanomita chache tu, ukipiga hesabu kwa mita moja unafika kwenye mamilioni ya volti. Tundu moja la wazi umeme wote unavuja. Kwa hiyo hapo ATP haipiti kwenye chaneli, yaani tundu kama lile la VDAC, inavushwa na protini nyingine, kibebaji, ambacho kina milango miwili na haifunguki yote kwa pamoja hata siku moja. Inaingia ADP moja kutoka nje, mlango unafungwa, wa ndani unafunguka, ADP inashuka, ATP moja inapanda, inatolewa. Moja kwa moja, hakuna kukopeshana.

Chaneli za kweli zipo pia huko ndani, mfano ya kalsiamu ambayo jeni yake ilijulikana 2011 tu, ila hiyo ina walinzi wake wanaoifunga kalsiamu ikiwa kidogo. Tuiache leo.

SWALI: Ile pombe ya Msumbiji iliyoua watu, huku kwetu walisema iliwekwa nyongo ya mamba. Ni kweli? – Mama S., Mtwara

JIBU: Hapana mama, ila limekuja siku nzuri kwa sababu ni kibebaji hichohicho nilichomwambia huyu kijana.

Ilikuwa Januari 2015, Chitima, mkoa wa Tete, watu wametoka mazikoni wakanywa pombe ya unga wa mahindi, wakafa 75. Nyongo ya mamba ndo ilitajwa kwanza, hata Msumbiji kwenyewe. Maabara zikakuta asidi ya bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria walioota kwenye unga. Sumu hii inakishika kile kibebaji kwa upande wa ndani na kukigandisha, hakigeuki tena. ATP haitoki, ADP haiingii, kwa hiyo hata utengenezaji unasimama, na seli inakauka nguvu huku mitambo yake yote ni mizima.

Haina harufu wala ladha. Na kuchemsha hakuiondoi, hilo ndo baya, kwa hiyo unga ukishaloa ukavunda usiuweke hata kwenye uji.