Jibu: rsync inanakili picha zote upya kwenye flashi
Salaam ndugu. Umesema kila jioni rsync (programu ya kunakili faili zilizobadilika tu) inanakili upya picha zote kwenye flashi, hata zisizoguswa. Yalinikuta hayo hayo. Kwanza endesha amri yako ukiongeza -n -i (-n hujaribu tu bila kunakili, -i huonyesha kilichopishana kwa kila faili): mstari ukianza na >f..t, ukubwa unalingana, muda wa faili kubadilishwa mwisho ndio unaopishana. Flashi ya FAT32 (mfumo wa kupanga faili) hutunza muda kwa hatua za sekunde 2, hivyo picha ya 10:15:07 husomeka 10:15:06, na rsync huiona imebadilika. Weka --modify-window=1, ili tofauti ya sekunde 1 ipuuzwe. Ukiona T kubwa badala ya t, umesahau chaguo la -t kwenye amri, muda hauhamishwi kabisa. Usikimbilie --checksum (kulinganisha yaliyomo ndani ya faili), tafadhali; itasoma kila faili pande zote mbili, utakesha. Ikigoma bado, bandika hapa mistari michache tuitazame.