Udongo wa Antaktika haujafa

Sheikh wangu wa Wete, umeuliza kama udongo wa Antaktika, kwa baridi na ukame ule, una kiumbe chochote. Wamo, tena wa aina nyingi, bakteria hasa. Mabonde makavu ya McMurdo, hukohuko Antaktika, hayana hata jani, lakini ukipindua jiwe jeupe linalopitisha mwanga, mara nyingi utakuta utando wa kijani upande wa chini: ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua. Kinachonishangaza zaidi ni ugunduzi wa 2017, kwamba wapo wanaopata nguvu kutokana na haidrojeni na kaboni monoksaidi za hewani, jua hawalitegemei! Aktiki nako, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, uchachu wa udongo huchangia sana kuamua bakteria gani wakae wapi, sawa na kwenye mikarafuu yetu.